Kosa la Kushiba

Mambo haya hayakutokea zamani za kale, maana zamani za kale watu walikuwa wakila. Yalitokea juzijuzi tu, katika Jamhuri ya Kwetukule, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Msomaji akihisi kwamba amewahi kupita huko, basi ni macho yake yanamdanganya, na ikimwasha mahali, ajikune taratibu.

Mwanzo wake ulikuwa mwema. Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye alikuwa ameilea Kwetukule kwa miaka thelathini na moja bila kuomba likizo, aliugua. Miguu ilimvimba, akawa anahema akipanda ngazi tatu za jukwaa, na mafua yalimwandama kila Juni mpaka Septemba. Hospitali za nyumbani zilikuwa nzuri mno, hivyo haikufaa kuziongezea kazi, akapelekwa ng'ambo. Huko daktari mmoja mpole alimwambia apunguze nyama choma, aache soda na keki, asile baada ya jua kuzama, na siku mbili katika juma afunge hadi jioni, kisha afungue kwa mboga, kunde na matunda. Mlezi Mkuu alitii, kwa sababu daktari yule hakuwa raia wake na hakuwa na sababu ya kumwogopa. Baada ya miezi mitatu alirudi mwepesi, ngozi inang'aa, mafua yamekoma. Kusema kweli ushauri ule ulikuwa mzuri sana kwa mtu aliyekuwa amekula kwa miaka thelathini na moja mfululizo.

Alihutubia palepale uwanja wa ndege. Alieleza kwamba ikiwa mwili mmoja umepata kinga kiasi hiki, mwili wa taifa zima utapata kiasi gani, akatangaza kuwa kuanzia Jumatatu nchi nzima itaingia katika Mfungo wa Kinga.

“Maradhi huingia kwa mdomo,” alisema. “Taifa litakalofunga mdomo, litakuwa limefunga mlango.”

Ilitokea tu kwamba mwaka ule mvua ilikuwa imegoma kwa msimu wa pili, na katika ghala la taifa walikuwa wamebaki panya wawili ambao nao walikuwa wakifikiria kuhama. Wenye ndimi mbaya walitaka kuyaunganisha mambo haya mawili. Serikali iliwaeleza kwamba hayana uhusiano, na waliokuwa wagumu wa kuelewa walielezwa kwa siku kumi na nne mahabusu.

Watu wa Kwetukule hawakuwa wageni wa kufunga. Waislamu walifunga Ramadhani, Wakristo walifunga Kwaresma, na wote walijua kwamba mfungo una mwisho na mwisho wake una sahani. Ndiyo maana sheikh mmoja na padre mmoja walifuatana hadi wizarani wakauliza kwa adabu, je, futari ni saa ngapi? Waziri wa Kinga na Kujizuia, Mheshimiwa Bashasha Mnono, aliwasifu kwa swali zuri, akaunda Kamati ya Taifa ya Kutafuta Saa ya Futari. Kamati ilisafiri nchi saba kutazama jua linavyozama. Haijarudi mpaka leo.

*

Katika wilaya ya Kisimakavu alikuwako mtumishi mmoja aitwaye Bi Sikitu Mchalla, afisa lishe wa zahanati, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba tangu kuzaliwa, jambo ambalo siku hizo lilimletea sifa asizozitafuta. Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa moja, kupima mikono ya watoto. Alikuwa na utepe wa plastiki, mwembamba, ambao aliuzungusha kwenye mkono wa mtoto juu ya kiwiko. Ukisoma kijani, mtoto anakula. Ukisoma njano, mama aitwe pembeni. Ukisoma nyekundu, mtoto akimbizwe hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, wodi ya lishe, akapewe maziwa ya dawa na karanga za kusaga, la sivyo baada ya majuma mawili Bi Sikitu atakuwa amekaa matangani. Hata mama asiyejua herufi aliujua wekundu ule na kuuogopa.

Tatizo lilikuwa ramani. Wizara ilikuwa na ramani kubwa ukutani, na kila mwezi vipimo vya watoto vilichorwa humo kwa rangi zilezile za utepe. Mwezi wa tatu wa Mfungo ramani nzima ilikuwa nyekundu kutoka mpaka hadi mpaka. Mlezi Mkuu alipopita kusalimia alisimama mbele yake, akauliza mbona nchi yake inatoka damu. Waziri Mnono akajibu haraka kwamba si damu, ni ushindi, na kwa kuwa alikuwa ameshasema, ilibidi iwe hivyo.

Juma lililofuata ulitoka Waraka Namba Tisa. Ulikumbusha kwamba nyekundu ni rangi ya bendera, tena ni damu ya mashujaa, na kwamba kuitumia kuonyesha maradhi ni kuwatukana marehemu. Zikaja tepe mpya. Sentimita zilikuwa zilezile na rangi zilezile, ila sasa kila rangi ilikuwa na neno lake. Kwenye nyekundu paliandikwa BINGWA, kwenye njano ANAJITAHIDI, na kwenye kijani MLAFI. Tepe za zamani zilikusanywa zikachomwa moto mbele ya bendi ya polisi. Bi Sikitu alipeleka zake zote isipokuwa moja, aliyoifunga kwenye pindo la kanga.

Aliyezigawa tepe mpya wilayani alikuwa Bwana Kichungu, Mratibu wa Mfungo. Lazima tumtendee haki, kwani katika wakubwa wote wa Kwetukule yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifunga kweli. Mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu manne mapya, aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari, na alipenda kuyaonyesha kama askari anavyoonyesha nishani. Bi Sikitu alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kazi yake, mtoto akisoma nyekundu sasa wampeleke wapi.

“Mbele, Bi Sikitu,” alijibu Bwana Kichungu. “Tutampeleka mbele, kwenye picha.”

Na wa kijani? Waraka ulikuwa wazi. Mtu yeyote atakayesoma kijani amekula, na aliyekula amesaliti kinga ya wenzake, hivyo atatumikia siku thelathini katika gereza la wilaya, kule bondeni. Majaji nao walikuwa wamefunga na hawakuwa na nguvu za kusikiliza kesi, kwa hiyo hati ya afisa lishe, yenye orodha ya vyakula alivyokula mtuhumiwa na muhuri chini yake, ilitosha kuwa hukumu.

Wa kwanza kupatikana na hatia Kisimakavu alikuwa Mzee Ubwa muuza nyama. Mikono yake ilikuwa minene kwa kuwa alikuwa amekata mifupa kwa shoka tangu ujana, lakini utepe hauulizi historia. Siku thelathini zilipokwisha akarudi, majirani wakaenda kumpa pole. Walimkuta ana mashavu. Mzee Ubwa alipokea pole zao, akaangalia huku na huku, kisha akasema chinichini kwamba kule wanakula mara tatu kwa siku. Kumbe Bunge lilipopitisha Sheria ya Mfungo lilirekebisha sheria za shule, za hospitali, za hoteli, za arusi na za matanga, likaisahau ya magereza. Sheria ile iliachwa na mkoloni, na ilisema kila aliyemo gerezani ale asubuhi, mchana na jioni, na mtoto apewe maziwa. Gereza la bondeni lilikuwa na chemchemi yake na shamba lake, na wafungwa walilima. Wabunge wa Kwetukule hulikumbuka gereza wakiwa ndani yake tu, na mwaka ule, kwa bahati mbaya, hakuna aliyekuwa ndani.

Bi Sikitu aliyasikia hayo akayaweka moyoni, kama mtu anavyoweka kifungo kilichodondoka bila kujua kitamfaa kwa nguo gani.

*

Sasa tuje kwa Tunu, maana bila yeye yote haya yangekuwa mambo ya serikali tu.

Tunu alikuwa na miaka miwili. Mama yake, Mwanahawa, alikuwa jirani wa Bi Sikitu, ukuta kwa ukuta, mkaanga vitumbua mashuhuri hadi Mfungo ulipokuja, na chuma chake cha kukaangia sasa kilikuwa kimefunikwa uani, kuku wa jirani walikuwa wakikilalia walipokuwa bado wapo. Mwaka Bi Sikitu alipofiwa na mume, Mwanahawa alimletea vitumbua viwili kila asubuhi kwa siku arobaini bila kumwambia neno la faraja hata moja. Bi Sikitu aliamini kwamba ni vitumbua vile vilivyomzuia asimfuate marehemu. Mtoto alipozaliwa alimpenda kuliko alivyotarajia, na Tunu alipoanza kusema, alimwita bibi kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote.

Ijumaa ya kupima, Mwanahawa alimleta mgongoni. Bi Sikitu alimtazama kabla hajautoa utepe, akaona kitu alichokiogopa kuliko rangi yoyote. Tunu hakulia. Watoto wote hulia wakiwekwa mezani, na anayelia ana nguvu ya kulia. Huyu alikaa kimya, macho makubwa, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundunyekundu, anatazama ukuta kana kwamba kuna mtu anazungumza naye kutoka huko. Utepe ulisoma sentimita kumi nukta tisa. Neno BINGWA lilikaa sawasawa kwenye kidirisha cha kusomea.

Angekuwa peke yake, Bi Sikitu angejua la kufanya. Chini ya cherehani nyumbani alikuwa ameficha pakiti kumi na nne za karanga za kusaga, zilizobaki wakati wodi ya lishe ilipofungwa. Lakini Bwana Kichungu alikuwa amesimama nyuma yake, amekuja kukagua, na aliinama juu ya mkono ule mdogo akausoma kwa heshima kubwa. Wilaya nzima haikuwa na kipimo cha chini kuliko hicho. Alipiga makofi matatu, akaagiza cheti. Alieleza kwamba Sikukuu ya Kinga ni Jumamosi ya wiki ijayo, Mlezi Mkuu mwenyewe atakuwepo, na Kisimakavu imepata mtoto wa kumkabidhi. Kuanzia saa ile ataweka mgambo mlangoni kwa Mwanahawa, ili mtu mwenye wivu asije akamlisha mtoto na kumharibia ubingwa.

Cheti kilihitaji saini ya afisa lishe. Bi Sikitu alisaini. Tusimpambe, alisaini, na kalamu haikugoma.

Jioni ile Mwanahawa alisimama kwenye ukuta wa uani, mtoto kifuani.

“Bi Sikitu, mama yangu, wewe ndiye msomi,” alisema. “Niambie nimwamini nani, huo utepe au macho yangu?”

Bi Sikitu aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. “Amini macho yako, mwanangu,” alisema.

Mgambo aliyewekwa mlangoni alikuwa mtu mzima mwenye njaa zake. Usiku wa kwanza Bi Sikitu alimwonyesha pakiti mbili, akala moja yeye, akageuka nyuma kutazama barabara mpaka Tunu alipolambishwa nyingine. Walikwenda hivyo siku nne. Siku ya tano mgambo alinenepa shavu moja, au ndivyo alivyoona Bwana Kichungu, akaondolewa, akaletwa mwingine ambaye alikuwa akiipenda nchi yake. Kuanzia hapo Tunu hakupata kitu isipokuwa maji na nyimbo.

*

Sikukuu ilipendeza. Watoto wa shule waliimba tangu saa moja asubuhi, na saba walipoanguka juani, mshereheshaji alieleza kwamba wamezidiwa na uzalendo, watu wakapiga makofi. Nyuma ya jukwaa palikuwa na hema la buluu lililoandikwa Chumba cha Dawa. Upepo ulipovuma kutoka upande huo ulileta harufu ya kuku wa kuchoma na bizari, na umati wote, bila kuambizana, uligeuza nyuso huko. Ilikuwa Jumamosi, na Mlezi Mkuu alifunga Jumatatu na Alhamisi, kama alivyoagizwa na daktari wake.

Hotuba ilichukua saa mbili. Alisema mengi mazuri kuhusu mboga, kuhusu kulala mapema na kuhusu tumbo kupumzika, na Bi Sikitu, aliyekuwa amesimama karibu, utepe wake shingoni, alijisikia vibaya zaidi kwa sababu maneno yale aliyajua, alikuwa akiwaambia watu wa kisukari na wa shinikizo la damu kwa miaka ishirini na miwili, na yote yalikuwa kweli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba humpa pia ushauri.

Kisha Mlezi Mkuu akatoka nje ya ratiba. Alikunja mkono wa shati, akasema kiongozi hupimwa mbele ya watu wake, akamwita afisa lishe. Bi Sikitu alipanda jukwaani. Alizungusha utepe, akauvuta, ukapita nyekundu, njano, kijani, ukaingia sehemu nyeupe ya mwisho isiyo na maandishi, na bado ncha mbili hazikukutana. Kati yake palibaki nafasi ya vidole vitatu. Uwanja mzima ulinyamaza, na kwenye ukimya ule ilisikika sufuria ikifunikwa ndani ya Chumba cha Dawa.

Waziri Mnono aliuliza, huku jasho likimtiririka, utepe umesoma nini. Bi Sikitu alisema ukweli, kwamba umesoma nyeupe. Waziri alitangaza kwa kipaza sauti kwamba nyeupe ni rangi ya amani, na kwamba hakuna raia mwingine aliyewahi kuifikia. Bendi ikapiga.

Ndipo bingwa akaletwa. Walikuwa wamemvisha Tunu gauni jekundu lililopwaya, wakalibana mgongoni kwa pini. Mlezi Mkuu alimchukua ili wapigwe picha, na alipomnyanyua, mikono yake ilipanda juu kuliko alivyokusudia, kama mtu anyanyuaye ndoo akidhani ina maji. Alimtazama mtoto usoni. Alikuwa na wajukuu tisa, na kwa kitambo kifupi uso wake ukawa wa babu tu.

“Mbona mwepesi hivi?” aliuliza.

Bi Sikitu alifungua mdomo. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa kwenye ulimi wake.

“Ni kinga, Mheshimiwa,” alisema Waziri Mnono. “Kinga haina uzito.”

Mlezi Mkuu alitikisa kichwa akaridhika, kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa. Alimkabidhi mtoto kwa aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Bi Sikitu. Kichwa cha Tunu kikamwangukia begani. Pumzi yake ilikuwa fupi na ya haraka, tena ya baridi. Waheshimiwa wakaalikwa kwenda kunywa dawa, wote wakageukia hema la buluu, na katika msukumano ule Bi Sikitu alishuka ngazi za upande wa pili, akampitia Mwanahawa nyuma ya kamba, akamwambia neno moja, twende, wakatoka uwanjani wakienda kasi.

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa robo saa. Wodi ya lishe ilikuwa imepakwa rangi na kuandikwa Jumba la Mabingwa, na ndani yake palikuwa na vikombe vya ushindi na picha. Muuguzi wa zamu alimfahamu Bi Sikitu. Alimtazama Tunu, akauma mdomo, akasema kwamba vitanda vipo lakini maziwa yalirudishwa wizarani, na kwamba kwa mujibu wa waraka mtoto wa nyekundu hawezi kupokelewa kwa sababu ameshapona. Alisema hivyo huku akilia, akawasindikiza hadi getini, kwa kuwa hapakuwa na jingine alilokuwa na ruhusa ya kulifanya.

Walisimama nje ya geti. Mwanahawa hakulia wala hakuuliza. Alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, akampokea mtoto wake, akaanza kumpepea kwa ncha ya kanga. Ilikuwa saa saba mchana. Upepo uligeuka ukapanda kutoka bondeni, na ndani yake mlikuwa na harufu ya maharage yaliyoiva kwa kitunguu.

Bi Sikitu aliivuta harufu ile mara mbili. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu cha hati za mashtaka, akapiga goti chini akaandika kwenye paja lake.

Jina la mtuhumiwa, Tunu binti Mwanahawa. Umri, miaka miwili. Kipimo cha mkono, na hapa alisita kidogo tu, kijani. Kosa, kushiba. Palikuwa na nafasi ya kuorodhesha vyakula alivyokula mtuhumiwa, na Bi Sikitu aliandika uji wa ulezi wenye maziwa, yai la kuchemsha, ndizi mbivu, samaki aliyetolewa miiba. Aliongeza vitumbua viwili. Mate yalimjaa mdomoni akayameza. Mwisho kabisa aliandika kwamba kwa kuwa mtuhumiwa yuko chini ya miaka mitano, mama yake atafuatana naye kutumikia adhabu, kama sheria inavyotaka. Akagonga muhuri.

“Mwanangu,” alimwambia Mwanahawa, “binti yako anakwenda jela. Inuka tuwahi.”

Getini kwa gereza alikuwapo askari mmoja mnene wa sauti, Afande Mkude. Alipokea hati akaisoma kuanzia juu hadi chini. Akapandisha macho tena mpaka kwenye neno kijani. Kisha akamtazama mtuhumiwa, mkono wake uliokuwa ukining'inia nje ya gauni jekundu, mwembamba kama mpini wa mwiko.

“Huyu ndiye mlafi?” aliuliza.

“Ndiye, afande,” alisema Bi Sikitu. “Tena ni sugu.”

Afande Mkude aliikunja hati mara nne akaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. “Basi aingie upesi,” alisema. “Uji haujapoa.”

*

Siku ya kumi na moja Bi Sikitu alikwenda bondeni kama mtu anayekagua wafungwa wake, pakiti za karanga zimefungwa tumboni chini ya kanga. Hakuwa amefika hata kwenye geti aliposikia sauti. Mtoto alikuwa akilia, kwa hasira, kwa nguvu, anadai bakuli lililoondolewa mapema. Bi Sikitu alishika mti wa uzio akasimama hapo akisikiliza. Mtoto wa nyekundu halii. Akianza kulia, amerudi.

Lisemwalo lipo, na la gerezani lilisemwa haraka. Jumatatu alipofungua zahanati alikuta foleni imezunguka jengo ikashuka hadi mtoni, akina mama na watoto wao, hakuna anayesukumana. Walikuwa wamekuja kuwashitaki watoto wao. Na njiani walikuwa wamewafundisha watoto kukiri, maana hati ilihitaji orodha ya vyakula. Foleni nzima ilikuwa ikinong'ona majina ya vyakula, wali kwa nazi, maharage, mchicha, kuku, mkate wa kumimina, kama chuo cha Kurani kinachorudia aya.

Bwana Kichungu aliliona jambo hilo akashtuka. Wilaya yake iliyotoa bingwa ilikuwa inajaa walafi. Alishuku udanganyifu, na kwa kuwa waraka ulimwachia afisa lishe peke yake kipimo, na yeye hakuwa mjinga, aligundua njia nyingine ya kuwanasa waongo. Kuanzia siku ile mtuhumiwa asingetaja chakula tu. Angeeleza na ladha yake, na Mratibu mwenyewe angekaa kando ya meza kusikiliza. Asiyeweza kueleza ladha hakula, na asiyekula ni raia mwema, arudishwe nyumbani.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa miaka minne hivi, Mwajuma, miguu kama vijiti na tumbo limetangulia. Mama yake alimsimamisha mbele ya meza. Mtoto alifunga mikono nyuma, kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti safi kwamba amekula nyama na wali.

Bi Sikitu alihesabu umri wake kwa akili. Alizaliwa mwaka ambao ng'ombe wa kwao walikwisha kwa maradhi, na nyama hakuwahi kuionja. Angependa kuliruka swali, lakini lilikuwa limeandikwa, na Bwana Kichungu alikuwa amekaa pale, kalamu mkononi.

“Nyama ilikuwa na ladha gani, mjukuu wangu?” aliuliza.

Msichana alimtazama mama yake. Mama alitazama sakafu. Hili hawakulifanyia mazoezi. Foleni iliyokuwa mlangoni ilinyamaza, na kunong'ona kukakoma hadi kule mtoni. Mtoto alifikiri, akafikiri tena, na uso wake ukakunjuka taratibu alipopata jibu.

“Ilikuwa nyingi,” alisema.

Bwana Kichungu aliweka kalamu chini. Alitazama dirishani. Mkono wake ulishuka kwenye mkanda, ukagusa tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kana kwamba anayahesabu. Bi Sikitu alisubiri, muhuri ukiwa juu ya karatasi.

“Andika,” alisema Bwana Kichungu hatimaye, bila kugeuka. “Jibu linakidhi. Aitwe anayefuata.”